Kavira wa Picha za Bure

Pale Bwera, ukishuka kutoka stendi kuelekea mpaka wa Kongo, kuna kibanda chenye bati la bluu kilichoandikwa: HARDY, KADI, KALENDA, TOVUTI. Usihangaike kumtafuta Hardy humo. Hardy ni mtu wa kuzunguka, simu mbili mkononi na ahadi nyingi mdomoni, na kila mteja anamwahidi kwamba kazi itakuwa tayari kesho. Anayezitimiza ahadi hizo ni Kavira. Ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mnande wa upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, mwembamba, mpole kwa wasiomjua na mkali kidogo kwa wanaomjua. Watu wa soko humwita Kavira wa Picha.

Jina hilo hakulipata kwa kupiga picha. Kamera hana, na simu yake ina kioo kilichopasuka. Kazi yake ni kuzitafuta. Mtu anakuja anataka tovuti ya shule yake ya chekechea, au ya duka la mbegu, au ya kwaya, na hana picha hata moja ya kuweka. Basi Kavira huingia mtandaoni akatafuta picha za bure, zile ambazo mpigaji mwenyewe ameandika kwa hiari yake kwamba yeyote azichukue. Wengi hudhani kila kilichoko mtandaoni ni cha bure, kama mapera ya njiani. Si kweli. Zipo picha ambazo ukizichukua umeiba, hata kama hakuna aliyekuona. Zipo ambazo unaruhusiwa ilimradi utaje jina la mwenyewe. Zipo ambazo huruhusiwi kuzigusa hata rangi. Na zipo ambazo mwenyewe amenawa mikono kabisa, fanya utakavyo.

Mambo hayo Kavira alijifunza peke yake, kwa kusoma polepole masharti ambayo sisi wengine tunayakubali bila kuyasoma. Alikuwa na daftari la shule, jalada limeshaanza kuchanika, ambamo aliandika kila picha aliyoichukua: anuani ya ukurasa, jina la mpigaji, tarehe na ruhusa yenyewe. Hardy alimcheka sana kwa sababu ya daftari hilo.

"Nyabo, nani atakuja hapa Bwera kuuliza? Mzungu atapanda basi sababu ya picha ya kuku?"

"Siyo juu ya muzungu," Kavira alimjibu. "Kitu ya mutu iko ya mutu."

Hardy naye alikuwa na sheria yake moja, na hiyo hakuifanyia mzaha hata siku moja. Sheria yenyewe ilikuwa kukata kichwa.

Kisa chake ni hiki. Kabla Kavira hajaja, Hardy alitengeneza kalenda ya duka moja la dawa. Akachukua mtandaoni picha ya bibi mmoja mzuri, kitambaa kichwani, anatabasamu, akaijaza ukurasa mzima, na chini yake akapanga tarehe. Kijana wa watu alisahau yuko wapi. Huku kwetu uso wa mbunge unabandikwa, uso wa mwimbaji unabandikwa, uso wa mhubiri ndio kabisa. Lakini uso wa bibi wa kawaida, mkubwa namna ile, na tarehe chini, una maana moja tu: tanzia. Kalenda moja ilipanda mlima hadi Kyarumba, na huko ukoo mmoja ukaona uso unaofanana sana na wa shangazi yao aliyekuwa amekwenda Kilembe kutibiwa mguu. Wakateremka siku hiyohiyo, watu kumi na wanane, na mikeka, sufuria na kuni vichwani, wanalia njia nzima. Shangazi wakamkuta ameketi kitandani anamenya ndizi. Alipojua kwamba ameshaliliwa, akakataa kurudi nyumbani mpaka aliyemuua kwa karatasi alete mbuzi wa kusafisha jambo lile. Hardy alipeleka mbuzi. Tangu siku hiyo, picha yoyote ya mtu asiye mteja hutoka kwenye kibanda chake bila kichwa. Mikono inayochuma kahawa, sawa. Miguu shambani, sawa. Mgongo uliobeba kikapu, hapo hakuna atakayelia.

Sheria hiyo ilimfaa Kavira kuliko Hardy alivyojua. Mama yake, Mama Jeanine, aliuawa shambani kwao, upande wa Beni, miaka mitano iliyopita, na watu wenye mapanga waliotoka porini. Jirani waliozika walizika haraka, shimo moja watu saba, na walimwambia Thembo, mdogo wake Mama Jeanine, asifunue shuka. Kavira alikuwa Butembo sokoni siku hiyo. Aliporudi hakukuta mama wala nyumba, maana nyumba nayo ilichomwa. Yeye na mjomba wake Thembo wakavuka mpaka pamoja, na mpaka leo wanaishi Bwera, nyumba mbili zinazotazamana uwani.

Tangu hapo nyuso zilimshinda. Akitafuta picha ya mkulima, mtandao unamwaga nyuso za kina mama, mamia kwa mamia, wenye vitambaa na mikunjo ya jua, na kila mmoja ana kitu cha nyumbani: shavu, jino, namna ya kuinamisha shingo. Siku za mwanzo alikuwa akifunga kompyuta na kwenda kusimama nyuma ya kibanda mpaka moyo utulie. Kisha akagundua njia. Kulikuwa na programu ya kukata picha nyingi kwa pamoja. Unaiambia: kila picha iliyomo kwenye folda hii, iondolee theluthi ya juu. Unabonyeza mara moja, na picha arobaini zinabaki bila vichwa kabla hujazifungua. Basi Kavira akawa anachagua picha zikiwa ndogo kama ukucha, macho yake yakiangalia chini tu, kwenye mikono na vikapu. Anazipakua, programu inakata, anafuta zile nzima kwa sababu kompyuta ya Hardy ni kuukuu na nafasi haitoshi, ndipo anazifungua zilizokatwa na kuanza kazi. Mwaka mzima na nusu hakuutazama uso wa mtu hata mmoja.

Alijivunia ufundi huo, maskini. Alisema unaokoa muda.

Picha iliyompa sifa kuliko zote ilikuwa ya chama kimoja cha wakulima wa kahawa wa Kyarumba. Mwandishi wa chama, mama mmoja mchangamfu aitwaye Immy, alikuja anataka tovuti na hana picha. Kavira akampatia mikono miwili ya mwanamke, imekusanya kahawa mbivu nyekundu, na nyuma yake kipande cha kitenge cha sikukuu ya wanawake, kile ambacho mwaka ule kila mwanamke wa Kongo alikivaa. Chini ya picha mpigaji alikuwa ameandika: mikono ya mkulima, Afrika Mashariki, tumia bure. Kwenye tovuti Kavira aliiweka ndogo ili mtandao wa milimani usiumie, na ile kubwa iliyokatwa akaitunza bila kuikuza. Watu waliipenda mno. Ikawekwa kwenye mifuko ya kahawa, kwenye barua za chama, kwenye fulana.

"Hii mikono iko ya mtu ya kazi," Immy alimwambia. "Kule juu watu wanagombania. Huyu anasema ni ya mama yake, huyu anasema ni ya dada. Mimi nanyamaza tu."

Mwezi wa sita mwaka huu Thembo alimwita Kavira uwani, akamkalisha kwenye kigoda. Thembo ni mzee wa maneno machache, fundi viatu, na akikuita kwa mpango ujue jambo lina uzito.

"Miaka tano sasa, Kavira," alisema. "Mama yako iko njiani tu, hajafika. Tutoshe matanga, yaishe. Nilishaongea na padiri, ni siku ya posho ya mwisho ya mwezi wa kenda."

"Ni vizuri, mujomba," Kavira alisema, akihesabu Jumamosi zilizobaki mpaka mwezi wa tisa.

"Foto iko wapi?"

Kavira alijua anachoulizwa. Katika ukoo wao, marehemu ambaye mwili wake haukuletwa nyumbani huagwa kwa picha. Inawekwa mezani juu ya kitambaa cheupe, mahali ambapo lingekaa jeneza, na kila mtu wa ukoo anapita, anamtazama usoni, anamwambia lake la mwisho. Bila uso wa kuaga hakuna kuaga, na matanga yanabaki palepale. Mjane haolewi, mtoto hanyolewi, na marehemu mwenyewe, wanasema wazee wao, anaendelea kutembea akitafuta mlango.

"Kila kitu iliunguaka na nyumba," Kavira alisema hatimaye.

"Ile ya mademoiselle?"

Wote wawili waliikumbuka. Mwaka mmoja kabla ya kukimbia, dada mmoja wa Kizungu alipita kwenye kituo cha kuoshea kahawa akampiga Mama Jeanine picha. Mama alimwomba nakala. Yule dada akasema, kwa mdomo wa mkalimani, kwamba ataiweka mtandaoni bure, dunia nzima iione. Mama alicheka wiki nzima. "Dunia yote itaniona! Na miye nitajionea wapi?" Kavira hakuwepo siku hiyo. Alisimuliwa tu, jioni, wakiwa wanasonga ugali.

"Weye njo unatafutiaka batu bote foto ya bure," Thembo alisema. Hakuwa anasuta. Alikuwa anatumaini kabisa, na hilo ndilo lililomuuma Kavira. "Mama yako atakushinda?"

Kavira alipiga moyo konde akaanza kutafuta siku iliyofuata. Sasa ilibidi azitazame nyuso, zote alizozikimbia. Kila mchana wateja wakipungua alifungua zile tovuti za picha za bure, akaandika maneno: mwanamke, kahawa, Kongo. Mama, shamba, Beni. Kisha akagundua kwamba wenye kuzipiga hawaandiki hivyo. Wanaandika mwanamke Mwafrika. Wanaandika umaskini, matumaini, huzuni, nguvu. Mama wa mtu amesimama anangoja maji yachemke, chini wameandika matumaini. Ilimbidi aingie humo, kwenye huzuni kurasa mia tatu, kwenye matumaini kurasa mia tano. Alitazama nyuso mpaka zikaanza kuchanganyika. Mara mbili alidhani amempata, akakuza picha, akaona ni mama wa mtu mwingine, wa Malawi, wa Haiti. Alikuwa akirudi nyumbani macho mekundu, na Thembo akiwa mlangoni anashona kiatu humwangalia bila kuuliza. Kavira alitikisa kichwa tu na kuingia ndani.

Mwezi wa saba ukaisha. Wa nane nao ukafika kati.

Hapo ndipo Immy alipokuja tena. Chama kilikuwa kimealikwa kwenye maonyesho ya kilimo Kasese, na wanataka bango la kitambaa la mita tatu, lile lenye mikono. Kavira akachukua ile picha kubwa iliyokatwa, akaiweka kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia bila kuifungua, maana kulikuwa na mteja mlangoni, akapanda gari kwenda Kasese. Mashine kubwa ya kuchapa mabango iko huko, kwa mwanamke mmoja anayeitwa Shallon.

Ilikuwa saa saba mchana, na joto la Kasese unalijua, bati linalia lenyewe. Mashine ya Shallon huchapa kuanzia juu kwenda chini, kidogo kidogo, kitambaa kikiteremka sakafuni. Kwanza ukatoka ukingo wa juu, pale Kavira alipokata: ukosi wa blauzi na kipande cha shingo. Halafu kitenge. Halafu mikono yenyewe, kidole kimoja kikubwa kama mkono mzima wa mtu. Kavira alikuwa ameegemea ukuta anajipepea kwa bahasha.

Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto kulikuwa na rozari ndogo ya shanga kumi, nyeusi. Kwenye tovuti ilikuwa mstari mweusi tu, kama uzi. Sasa kila shanga ilikuwa na ukubwa wa yai. Ya kwanza ikatoka, ya pili, ya tatu, ya nne. Mahali pa shanga ya tano palikuwa na kifungo cheupe cha shati, chenye matundu manne, kimefungwa kwa uzi mwekundu.

Kifungo hicho Kavira alikikata mwenyewe kwenye shati lake la shule akiwa na miaka tisa, mama yake alipopoteza shanga mtoni na kulia kama mtoto. Alipigwa na mwalimu kwa kwenda darasani ukosi wazi. Hakusema kifungo kiko wapi, na mama hakukivua tena mpaka mwisho.

"Simamisha," Kavira alisema. "Dada, simamisha machine."

"Rangi iko mbaya?" Shallon aliuliza.

Kavira alikuwa ameshapiga magoti sakafuni. Aliweka kiganja juu ya mkono ule mkubwa, wino ukamchafua, na Shallon akapiga kelele kwamba anaharibu kazi. Kavira hakusikia. Alikuwa anacheka. Mtu angepita angesema ameshinda bahati nasibu.

"Nimemupata," alisema. "Ni mama yangu huyu. Nimemupata!"

Shallon aliangalia bango juu hadi chini, akaangalia na sakafu. Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kukosea, "Na uso je?"

Kavira aliacha kucheka.

Njiani kurudi Bwera alihesabu milango iliyobaki. Picha nzima aliifuta yeye mwenyewe, hilo alilijua. Lakini daftari lipo, na anuani imo. Alijipa moyo kwa daftari hilo kilomita zote za mbugani. Alipofika kibandani alikwenda nalo moja kwa moja kwenye kompyuta, akaipata anuani, mwandiko wake mwenyewe, safi, pamoja na tarehe. Akaandika herufi moja moja. Ukurasa ukafunguka mweupe, na katikati maneno machache: picha hii haipo tena, mwenye akaunti ameifunga.

Jina la mpigaji alikuwa ameliandika pia. Lilikuwa jina la mtandaoni tu, herufi nne na tarakimu tatu. Aliwaandikia wenye tovuti, na wakajibu baada ya siku nne, kwa adabu nyingi, kwamba akaunti ikifungwa picha zake hazihifadhiwi. Akajaribu njia ya kuutafuta mtandao mzima kwa picha badala ya maneno. Mtandao ukamletea mikono hiyo mara sitini na moja. Duka la kahawa la Ulaya, kanisa la Kenya, ukurasa wa mashairi, tangazo la mafuta ya kupaka. Wote walikuwa wameichukua kutoka kwenye tovuti ya chama cha Kyarumba, na wote walikuwa na mstari uleule wa juu, pale pale shingoni. Mama Jeanine alikuwa ameonekana na dunia yote, kama alivyoahidiwa, na popote alipokuwa hakuwa na kichwa.

Hardy, nitamsema vizuri kwa hili, aliacha simu zake mbili akakaa naye siku nzima. Alikuwa na programu ya kufufua vitu vilivyofutwa. Ilisaga na kusaga, ikafufua vipande vya kadi za harusi na nusu ya kuku. Jioni ikatoa kijipicha kimoja cha ile picha nzima, kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, kile cha kuonyesha faili kabla ya kufunguliwa. Kavira alishika mdomo. Hardy akakikuza. Uso ukawa miraba ya kahawia, kumi na miwili hivi, mmoja umekolea kidogo mahali pa jicho.

"Bambi," Hardy alisema. "Pole sana. Sheria ilikuwa yangu."

"Sheria yako ilikuwa kukata," Kavira alisema. "Weye ulikuwa unaangalia kwanza. Miye njo nilikataa kuangalia."

Siku ya posho ya mwisho ya mwezi wa tisa ilifika, kwa sababu siku haimsubiri mtu. Watu wa Beni na Butembo waliotawanyika Bwera walikuja tangu asubuhi. Wengine walivuka mpaka na mikeka yao. Sufuria za maharage zilikuwa motoni, na wimbo wa kwaya ulishaanza. Sebuleni kwa Thembo meza ilikuwa tayari, kitambaa cheupe kimepigwa pasi, maua ya karatasi pembeni, na katikati nafasi. Thembo alikuwa amevaa koti. Kavira hakuwa amemwambia kitu zaidi ya kwamba amempata. Alijaribu mara kumi, na mara kumi aliishia kuuliza habari za viatu, kwa sababu baada ya kusikia hivyo yule mzee alikuwa ameanza kupiga mluzi akishona viatu.

Aliingia na fremu aliyoifunga kwa gazeti, akamkabidhi kwa mikono miwili. Thembo alifunua. Alitazama mikono, akatazama rozari, akaisogeza fremu karibu na macho, maana kifungo kile alikijua.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye kabisa."

Kisha akaigeuza fremu akaangalia nyuma. Akaligeuza na gazeti, akalikung'uta, kama kwamba kipande kingine kimebaki humo. Akamtazama Kavira.

"Kichwa iko wapi?"

"Niliikata, mujomba."

"Juu ya nini?"

"Kwa kazi. Tunakataka bote. Sikujua ni yeye."

Thembo hakupaza sauti. Aliketi polepole kwenye kiti kilichokuwa cha padri, fremu mapajani, na kwa muda alifuatisha kwa kidole ule ukingo wa juu wa picha, kutoka bega hadi bega. Nje walikuwa wanaimba.

"Bale ba mapanga balimukata," alisema. "Na weye tena?"

Padri alisema misa inaweza kusomwa hata bila picha, na ilisomwa. Lakini hakuna aliyepita mezani. Thembo alikataza fremu isiwekwe kwenye kitambaa cheupe, akasema dada yake hawezi kuagwa namna ileile aliyoachwa, na wazee wakaafikiana naye. Maharage yaliliwa. Kufika alasiri mikeka ikakunjwa, kila mtu akarudi alikotoka, na matanga yakabaki kama yalivyokuwa.

Mama mmoja mzee wa Butembo, aliyevuka mpaka kwa mguu, alibaki nyuma. Alimshika Kavira bega. Macho yake hayaoni vizuri, na hakuwahi kumjua Mama Jeanine.

"Binti, usilie," alisema. "Foto siyo kitu. Uniambie tu weye mwenyewe, kwa mudomo yako. Alikuwa anafananaka aje?"

Kavira alifumba macho ili amtafute. Zilikuja nyuso nyingi, zile za kurasa mia tatu na za kurasa mia tano, za Malawi, za Haiti, zikapita moja baada ya nyingine na hakuna aliyekuwa yeye. Halafu ikaja mikono, na kahawa, na rozari, na kifungo cheupe chenye uzi mwekundu. Akapanda na macho yake polepole, kwenye kitenge, kwenye ukosi wa blauzi, kwenye shingo, na juu ya shingo hakukuta kitu.

Mama yule bado alikuwa amemshika bega, anangoja.